Gari Lililofunikwa Turubai

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku aliosha vyombo kwenye bomba la kituo, na kila asubuhi Shangazi alikuja kumkagua.

Shangazi alikuwa twiga. Jina hilo alipewa na mama yake Kasuku, kwa sababu ya ile tabia yake ya kusimama nje ya uzio, kupitisha shingo juu ya waya na kuyatazama masufuria kwa macho yake makubwa, huku akitafuna taratibu. "Sugua na chini," mama alikuwa akisema. "Shangazi yako hajaridhika." Basi Kasuku alisugua na chini. Mwaka huo Shangazi alikuwa amezaa. Mtoto wake, ambaye naye hakukawia kuitwa Binamu, alijificha nyuma ya miguu ya mama yake na kuchungulia, kama mtoto yeyote anayeona haya mbele ya wageni.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba chache za askari wa wanyamapori, ofisi ya bati, ghala moja na mlingoti wa bendera. Kilikuwa ukingoni mwa hifadhi kubwa iliyokuwa chini ya serikali ya jimbo. Baba yake Kasuku alikuwa askari hapo. Buti zake zilikuwa zimetoboka, akazitia viraka vya mpira wa baiskeli. Simu haikufika huko, nayo redio ya mawasiliano iliyokuwa ofisini ilikufa betri siku nyingi, ikabaki kuwa pambo la meza. Gari la doria lilikuwa nyuma ya ghala, limepandishwa juu ya mawe, halina matairi wala betri. Dereva, ambaye hakuwa na cha kuendesha, bado alilifuta vumbi kila Jumatatu. Akiulizwa litatembea lini, alijibu kwa uso mkavu kwamba limeomba likizo na bado halijapangiwa siku ya kurudi.

Kwa hiyo doria zilikuwa za miguu. Askari walikuwa wachache na hifadhi ilikuwa kubwa. Wakienda upande wa mto, wategaji haramu waliingia upande wa vilima, na wakienda vilimani, mitego ya waya ilitegwa mtoni. Baba alirudi jioni akiwa hoi, amebeba mafundo ya waya begani, na kila mara alisema maneno yaleyale: "Hii ndiyo tuliyoiona. Tusiyoiona Mungu ndiye ajuaye."

Kasuku alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipewa jina hilo kwa sababu alikuwa hodari wa kukariri. Ukimsomea kitu mara mbili, mara ya tatu anakusomea yeye. Ndiyo maana kituo kilipopata wageni, aliyesimamishwa mbele kuwakaribisha alikuwa Kasuku, na hilo lilimpa kichwa kikubwa kidogo, tuseme ukweli.

Siku moja mkuu wa kituo aliwakusanya watu wote chini ya bendera. Alikuwa mtu mwembamba, mpenda usafi, masharubu yake ameyakata vizuri kama nyasi za bustani. Alitangaza kwamba kamati ya bajeti ya bunge la jimbo ingekuja kukitembelea kituo.

"Nataka kituo king'ae," alisema. "Wasije wakaondoka wakisema hapa pamekaa watu waliokata tamaa."

"Mkuu," baba yake Kasuku alisema kwa sauti ya chini, "kwani hawa si ndio wanaogawa fedha? Si wangeona tu hali ilivyo?"

"Wewe ukipata mgeni nyumbani, unaanza kumwonyesha paa linapovuja?" mkuu alimjibu. "Watasema mimi nimeshindwa kazi. Wataleta mtu mwingine, na hata hicho kidogo tulichonacho kitaondoka."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake aliivalisha nguo nzuri akaiita heshima.

Basi ikawa pilikapilika. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Kwenye machimbo ya kokoto kulikuwa na meneja aliyekuwa rafiki wa mkuu, naye akawaazima gari jeupe, jipya. Lile gari lao la zamani halikuweza kusogezwa, kwa hiyo lilifunikwa turubai, na juu ya turubai zikatandazwa kuni na majani makavu mpaka likaonekana lundo la taka. Kasuku na rafiki yake Kijiti, binti wa dereva, walibeba majani hayo kwa furaha. Kwao ilikuwa kama mchezo.

Sare mpya zilikuwa mbili tu kituo kizima, na baba akapewa moja. Ilikuwa kubwa mno. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, aliibana mgongoni kwa pini kwa sababu hapakuwa na muda wa kuishona.

"Nikigeuka nimeumbuka," baba alisema.

"Basi usigeuke," mama akamjibu, na pini nyingine mdomoni.

Wageni walifika. Baba alisimama kifua mbele asubuhi nzima, na ilipobidi kuondoka alirudi kinyumenyume. Kasuku naye alisimama mbele ya bendera, akaghani beti alizoandikiwa na mkuu, zilizoeleza jinsi askari wa kituo hicho walivyokamilika kwa gari, kwa redio na kwa ari ya kazi. Hakukosea hata neno.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani. Alipokwisha kupiga makofi, aliinama akamsogelea Kasuku.

"Wewe unaishi hapa siku zote, mwanangu. Hebu niambie. Hawa askari hawapungukiwi na kitu?"

Hilo halikuwemo kwenye beti. Kasuku alimtazama mkuu wa kituo. Mkuu alitabasamu na kutikisa kichwa taratibu.

"Hawapungukiwi na kitu, mheshimiwa," alisema Kasuku.

Mwenyekiti alimshika shavu, akasimama, akaandamana na wenzake hadi kwenye magari. Kabla jua halijazama, gari jeupe lilikuwa limerudishwa machimboni. Kasuku alipewa pakiti ya biskuti kwa kazi nzuri, akaila pamoja na Kijiti wakiwa wamekaa juu ya lile lundo la kuni.

Wiki kadhaa baadaye, wakiwa wanakula, redio ndogo ya nyumbani ilitangaza habari za jimbo. Kamati ya bajeti ilikuwa imependekeza kwamba fungu la ulinzi wa wanyamapori lipunguzwe. Sababu, alisema mtangazaji, ni kwamba vituo vilivyotembelewa vilikutwa na vifaa vya kutosha.

Baba aliacha kula. Aliinua mkono, akaizima redio.

"Vituo vilivyotembelewa," alisema, "ndio sisi."

Kasuku alilirudisha tonge lake sahanini.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja Kasuku alifika bombani akakuta uzioni hakuna mtu. Aliosha vyombo akiangalia huku na huku. Alichelewa makusudi. Shangazi hakuja.

Siku hiyo alipotoka shule, alimkuta baba yake anakunywa maji kwenye kata. Alikuwa amekimbia kutoka bonde la mto. Wamemkuta Shangazi, alisema, amenaswa mguu wa nyuma kwenye waya, na waya umeingia ndani kabisa. Kumkaribia hakuwezekani, kwa sababu teke la twiga linaua mtu. Alihitajika daktari wa wanyama aje amchome dawa ya kumlaza kwanza, ndipo waya ukatwe.

"Mmemwita daktari?" Kasuku aliuliza.

"Kwa redio gani, mwanangu?"

Swali hilo halikuwa la ukali, lakini Kasuku alijiona amepigwa kofi. Dereva alikuwa tayari ameshachukua baiskeli kuelekea mjini. Daktari wa wanyama alikuwa mmoja kwa jimbo zima, naye pia hakuwa na gari. Alifika kesho yake alasiri, amepanda lori la mchanga, ameshikilia sanduku lake mapajani.

Kasuku na mama yake waliwafuata askari hadi mtoni wakiwa wamebeba maji. Shangazi alikuwa amelala chini. Kasuku hakuwahi kumwona akiwa chini, na hakutaka kuamini kwamba mnyama mrefu vile angeweza kuwa mfupi hivyo. Shingo yake ilikuwa imelala juu ya majani. Nzi walikuwa kwenye mguu wake. Binamu alikuwa amesimama hatua chache pembeni, anatazama watu, haji wala haondoki.

Daktari alipiga magoti, akamchunguza kwa muda mrefu. Alipoinuka hakumtazama mtu yeyote usoni.

"Ningefika jana ningemlaza, nikakata waya, nikamtibu. Angechechemea, lakini angeishi," alisema. "Sasa mguu umekufa, na mwili umechoka. Kilichobaki ni kumpunguzia mateso."

Baba alimgeukia mama. "Mrudishe mtoto nyumbani."

Walikuwa wamefika kwenye njia ya kituo walipousikia mlio wa bunduki, mmoja tu. Mama alitua ndoo, akamkumbatia binti yake, wakalia pamoja hapohapo njiani bila kuona aibu.

Baada ya hapo nyumba ilipoa. Kasuku aliosha vyombo akiwa ameupa uzio mgongo. Shuleni hakukariri kitu. Kijiti, ambaye hakuzoea kumwona rafiki yake kimya, alijaribu kila mzaha anaoujua, hata ule wa mwalimu na kikohozi chake. Haukufua dafu.

"Kwani wewe ndiye uliyetega ule waya?" Kijiti aliuliza mwishowe.

"Hapana."

"Sasa unajiadhibu kwa lipi?"

"Niliulizwa kama askari wanapungukiwa na kitu. Mimi peke yangu niliulizwa, Kijiti. Nikasema hapana."

Kijiti alikumbuka biskuti, naye akainamisha kichwa.

Jioni hiyo Kasuku alimkuta baba yake kizingitini, anazitia buti viraka. Akamwambia yaleyale. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema tulichokufundisha," alisema. "Mzigo huo si wako, mama. Ni wetu sisi watu wazima. Mimi nilivaa sare yenye pini mgongoni, nikanyamaza. Nilijua kabisa."

"Na Binamu je?"

"Binamu bado yuko kule bondeni. Na waya bado ziko kule bondeni."

Siku chache baadaye mwalimu wa darasa aliwaeleza wanafunzi kwamba kabla bunge la jimbo halijaipitisha bajeti, kamati ingekaa katika ukumbi wa mji kusikiliza maoni ya wananchi. Mtu yeyote angeweza kusema, mkubwa kwa mdogo. Fedha za serikali ya jimbo zinatokana na kodi za watu, alisema, kwa hiyo watu wana haki ya kusema zitumike wapi. Shule ingepeleka wanafunzi wachache. Kasuku aliinua mkono kabla mwalimu hajamaliza.

Habari zilimfikia mkuu wa kituo. Kesho yake alikuja na beti mpya, zilizoandikwa kwa mwandiko wake mzuri. Zilisema kwamba kituo ni kizuri, kina kila sifa, ila kikiongezewa kidogo kitapendeza zaidi. Humo hamkuwa na gari juu ya mawe. Hamkuwa na Shangazi.

Kasuku alizisoma mara mbili na tayari zilikuwa kichwani. Alimpelekea baba yake.

"Nikisema ukweli, mkuu atakufanya nini?" aliuliza.

Baba hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Anaweza kunihamishia mbali. Anaweza hata kunifukuzisha kazi. Nataka ulijue hilo kabla hujaenda."

"Kwa hiyo nisiseme?"

Baba aliivuta sindano, akakata uzi kwa meno.

"Sikusema usiseme," alijibu.

Ukumbi wa mji ulijaa. Wakulima walizungumzia barabara, wauguzi wakazungumzia dawa, wafanyabiashara wakalalamikia soko. Mbele waliketi wanakamati, na katikati yao yule mama mwenye miwani. Mkuu wa kituo alikuwa safu ya tatu, sare imenyooshwa, na baba yake Kasuku alikuwa kando yake, amevaa sare yake ya zamani iliyopauka.

Jina la shule lilipotajwa, Kasuku alikwenda mbele. Kipaza sauti kilikuwa juu mno na karani akaja kukishusha. Mwenyekiti alimtambua, akatabasamu.

"Karibu, mwanangu. Leo umetuletea shairi gani?"

Beti zilikuwa tayari ulimini, zimepangana. Zingetoka zenyewe kama angefungua tu kinywa. Kasuku alimtazama baba yake, kisha akamtazama mkuu, kisha akaacha kuwatazama.

"Sikuleta shairi, mheshimiwa," alisema. "Nimekuja kusahihisha jibu langu. Ulipokuja kituoni uliniuliza kama askari wanapungukiwa na kitu, nikasema hawapungukiwi. Nilikudanganya."

Minong'ono ilipita ukumbini. Aliendelea upesi, asije akaishiwa nguvu.

"Lile gari jeupe mliloliona tuliliazima. Gari letu lilikuwa nyuma ya ghala, tumelifunika turubai, na mimi nilisaidia kubeba majani ya kulificha. Halina matairi. Redio ya mezani haina betri. Sare ya baba yangu ilikuwa imebanwa na pini. Twiga wetu alinaswa, na daktari akafika kesho yake kwa lori la mchanga, akasema angefika siku ile angemponya. Naye ameacha mtoto." Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Naomba serikali ya jimbo isipunguze fedha za kuwalinda wanyama. Mlisema tuna vifaa vya kutosha kwa sababu sisi ndio tuliowaonyesha hivyo. Hatuna."

Mwenyekiti alivua miwani.

"Mkuu wa kituo hicho yupo?" aliuliza.

Kasuku aliuona mgongo wa baba yake ukinyooka. Mkuu wa kituo alisimama polepole. Angeweza kukana. Angeweza kusema mtoto ana uchungu na hajui asemalo, na wengi wangemwamini.

"Anayosema mtoto ni kweli tupu, mheshimiwa," alisema. "Mimi ndiye niliyeagiza gari lifunikwe. Askari wangu hawana hatia, walitii amri. Njooni siku yoyote bila kutuambia. Nimeshaliondoa lile turubai kichwani mwangu, na nikifika kituoni nitaliondoa kwenye gari."

Wanakamati walikuja kweli, bila taarifa, siku ambayo baba alikuwa amevaa buti zake za viraka na mkuu hajanyoa. Dereva aliwatembeza kulizunguka gari lililo juu ya mawe, akawafungulia mlango kwa adabu kana kwamba wanapanda. Waliandamana na askari kwa miguu hadi mtoni, wakarudi wamechoka, viatu vimejaa matope, na mwenyekiti akasema sasa ameelewa. Bajeti ilipopitishwa, fungu la wanyamapori halikupunguzwa. Liliongezwa. Kituo kilipata gari, redio za mkononi na askari zaidi, na jimbo likaajiri daktari wa pili wa wanyama na kuwapa madaktari wote wawili usafiri. Mkuu wa kituo alionywa vikali, lakini aliachwa kazini.

Asubuhi ya kwanza ya gari jipya, mkuu alikuja bombani Kasuku akiwa anaosha vyombo. Baba alikuwa naye.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba." Alivua kofia yake. "Nilidhani naitunza heshima ya kituo, mwanangu. Kumbe nilikuwa naitunza heshima yangu, na nikakutumia wewe, mtoto, kunisaidia. Mtu anayehitaji msaada akajifanya hana shida, anamdanganya yule ambaye angemsaidia, na anayeumia ni yule asiyeweza kujisemea. Usije ukajifunza tabia yangu. Ukiulizwa, sema ilivyo, hata kama anayekutazama ni mkubwa wako. Na usingoje mpaka mtu afe."

"Nilichelewa, mkuu," Kasuku alisema.

"Tulichelewa wote," baba alisema. "Wewe ndiye uliyewahi kuliko sisi."

Walimweleza kwamba jana yake, katika doria ya kwanza ya gari, walimwona Binamu. Alikuwa mbali, upande wa vilima, amejiunga na kundi la twiga wengine. Alikuwa amekua. Kasuku aliuliza kama angekuja siku moja uzioni. Baba alisema hadhani, kwa sababu aliyekuwa akimleta hayupo.

Kisha gari liliwashwa, wakaondoka kuelekea mtoni kutafuta waya. Kasuku alisikiliza mpaka mlio wake ukapotea. Sufuria moja lilikuwa limebaki. Aliinua macho akatazama juu ya uzio, pale ambapo sasa kulikuwa na mti tu na mbingu, akalichukua, akalisugua ndani, kisha akaligeuza akalisugua na chini.